Kalamu ya Maskati

Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi: ukiona sufuria tatu kubwa zimekaa juu ya mafiga uani kwa mtu hapa Ngamiani, Tanga, huenda upawa umo mkononi mwangu. Kisukari ninacho tangu 2013, aina ya pili. Kazi inanitaka nionje, ugonjwa unanikataza, na katikati yao nilikuwa nimekaa mimi na kilo zangu 91.

Alhamisi moja kliniki, muuguzi aliangalia daftari langu akasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa benchi, "Mama, sukari yako haishuki kwa sababu hutaki kufunga mdomo." Watu wakainamisha macho. Nilirudi nyumbani nikala chapati tatu za jana, kavu, nikiwa nimesimama. Aliyesema mwenye njaa hana miiko alinijua.

Wakati ule nilimwona ana haki. Miaka kumi niliamini sukari yangu ni ulafi tu, na kwamba wenzangu wanaobakiza wali kwenye sahani wamejaliwa roho ngumu kuliko mimi. Kilichonitoa huko ni kosa nililolifanya kwa mkono wangu. Nalieleza hapa bila kuficha kwa sababu najua wapo wanaotaka kulirudia wiki hii.

Wifi yangu anaishi Maskati. Alikuja mwishoni mwa 2023 amepungua, stendi nilimpita sikumtambua. Naye ana kisukari. Kabla hajafungua hata sanduku la nguo aliuliza friji iko wapi, akaweka humo kiboksi cha kalamu za sindano. Dawa ni semaglutaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ozempic. Unajichoma mara moja kwa wiki, tumboni au pajani, kisindano chembamba hata hukisikii. "Wifi, mimi siku hizi nikipita kwenye mkate wa kumimina siuoni," akaniambia. Siku ya kuondoka aliniachia kalamu moja. "Piga kama ninavyopiga mimi."

Sasa yeye alikuwa kwenye miligramu 1, na kuifikia alipanda kwa miezi. Kalamu ile haikuwa na kipimo kingine: unazungusha kitako mpaka kisome 1, unachoma, basi. Mtu anayeanza hupewa 0.25, akakaa nayo wiki nne ndipo akapandishwa 0.5. Kwa hiyo siku ya kwanza nilijichoma mara nne ya kipimo cha kuanzia. Daktari sikumwambia. Mume wangu pia sikumwambia.

Kesho yake nilikuwa na harusi ya watu 300. Nikafunua sufuria ya pilau, mvuke wa bizari na mdalasini ukanipiga usoni, na sikutaka. Naomba mnielewe vizuri. Kujizuia nakujua, nimejizuia miaka na nikashindwa miaka. Hapa hapakuwa na cha kuzuia. Nilionja chumvi kwa ncha ya ulimi kama mtu anayeonja dawa ya mtoto, nikafunika. Nikajisemea, kumbe wenzangu wanaishi hivi!

Jioni kichefuchefu kikaanza. Usiku nilitapika mara tano nyuma ya mahema, nikijifuta kwa pindo la kanga, nikiwaambia wasaidizi wangu ni moshi. Asubuhi hakuna kilichopita kooni, hata chai ya rangi. Lakini vidonge vyangu vya kushusha sukari nilimeza kama kawaida, metformini na glibenklamaidi, maana tumefundishwa dawa hairukwi. Saa nne binti yangu akanikuta nimekaa sakafuni jikoni, gauni limelowa jasho, namwita kwa jina la dada yake. Akanipima sukari kwa tone la damu ya kidole: 2.8, iko chini mno. Akakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji akaninywesha, akasubiri robo saa, akapima, 3.6, akaninywesha tena. Kisha bajaji, kisha hospitali.

Daktari aliyenipokea ni kijana wa umri wa mwanangu wa pili. Akaniamkia, akasikiliza, akauliza kalamu nimepewa na nani. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake akavuta kiti, akageuza karatasi ya vipimo, akaanza kunichorea tumbo.

Nitayasema yale kwa lugha ya jikoni kwa sababu ndiyo lugha ninayoimudu. Kwenye kila shughuli kuna kijana wa kukimbia kati ya jamvini na jikoni. Wageni wakikaa, anakuja: "Wamefika, pakueni." Wakishiba, anakuja tena: "Basi, msilete zaidi." Mwilini kijana huyo ni homoni inayotoka kwenye utumbo mara chakula kinapoufikia, na jina lake ni GLP-1. Anafika kwenye kongosho na kusema toa insulini, ile ya kushusha sukari kwenye damu. Anaibana glukagoni, ile homoni nyingine ya kongosho, ili ini liache kumwaga sukari yake kwenye damu wakati chakula chenyewe kinaingia. Analiambia tumbo lifungue mlango wa chini polepole. Na ubongoni anapeleka habari kwamba imetosha.

Hayuko peke yake. Yupo GIP, naye wa utumbo. Yupo PYY, anayetoka sehemu za mwisho za utumbo na kazi yake ni shibe. Kongosho lenyewe, likitoa insulini, linatoa pamoja nayo amilini, nayo inasema basi. Mafuta ya mwili yanatoa leptini kuujulisha ubongo akiba imefikia wapi. Upande wa pili yupo mmoja anayeita njaa, grelini, anayetoka kwenye tumbo tupu. Huyo aligunduliwa na Wajapani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, mwaka 1999 tu. Yaani nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na dunia bado haijui ni nini kinachonitoa kitandani usiku kwenda kufunua sufuria.

Hii habari ya kijana wa kukimbia walianza kuishuku miaka ya 1960. Waligundua kwamba sukari ukiinywa inavuta insulini nyingi kuliko sukari hiyohiyo ikipitishwa kwenye mshipa kwa dripu. Maana yake utumbo unapeleka taarifa ambayo mshipa hauwezi kuipeleka. Kwetu sisi wa aina ya pili tofauti hiyo imepungua sana. Tunakula, sukari inaingia, na taarifa inafika imepoa. GIP hata akipiga kelele kongosho halimsikii vizuri. GLP-1 bado anasikika, ilimradi sauti iwe kubwa. Ndiyo maana wataalamu walimkimbilia yeye.

Shida ni kwamba GLP-1 wa asili anaishi dakika 2 hivi, kisha kimeng'enya kinamkata. Huwezi kumchoma mtu sindano kila dakika mbili. Jibu la kwanza lilitoka mahali ambapo sisi watu wa Pwani tungekimbia: kwenye mate yenye sumu ya mjusi wa jangwani huko Marekani na Meksiko, aitwaye Gila. Daktari mmoja wa New York, John Eng, alikuta humo kitu kinachofanana na GLP-1 lakini hakikatwi upesi, akakitangaza mwaka 1992. Kikazaa dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Mjusi! Kwetu mjusi kafiri akidondokea sufuria tunamwaga chakula chote. Semaglutaidi yenyewe haitokani na mjusi. Ni GLP-1 ya binadamu iliyorekebishwa, ikashonewa mkia wa mafuta wa kujishikiza kwenye protini ya damu, ndiyo maana inakaa mwilini wiki nzima. Marekani waliiidhinisha kwa kisukari Desemba 2017.

Basi nikamuuliza daktari, kama dawa ni nzuri hivyo, mbona nilianguka? Jibu lake ndilo ninalotaka kila mwenye kisukari alisikie. GLP-1 analisukuma kongosho pale tu sukari inapokuwa juu. Ikishuka, anatulia. Glibenklamaidi haiangalii. Umekula hujala, sukari iko juu au chini, yenyewe inakamua insulini tu. Nilikuwa nimezima njaa kwa kalamu, tumbo halina kitu, nikameza kidonge cha kukamua. Mtu wa insulini naye anaweza kuangukia shimo hilohilo, maana anachoma kipimo cha sahani ambayo hakuila.

Kwa hiyo kama mtu wa nje amekuletea kalamu, swali lako la kwanza liwe unatumia vidonge gani sasa hivi. Bei ije baadaye, na kilo utapunguza ngapi ije mwisho kabisa. Vichukue vyote na vikasha vyake, nenda navyo. Mimi daktari aliniondolea glibenklamaidi kabla hajaniruhusu kugusa tena kalamu.

Na alinirudishia kweli, miezi mitatu baadaye, kwa utaratibu. Kwanza alinipeleka macho, kwa sababu sukari iliyozoea kukaa juu ikishushwa kwa haraka inaweza kuzidisha madhara ya kisukari nyuma ya jicho. Akapima figo. Akauliza kama kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kuugua saratani ya tezi ya shingo, maana ipo aina moja ambayo ukiwa nayo nyumbani kwenu dawa hizi hupewi. Akauliza habari za kongosho na mawe ya nyongo. Akaniambia maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, hayaachi, ni ya kuja hospitali siku hiyohiyo, nisijipake mafuta ya karafuu nikasubiri. Nilipoanza, ikawa 0.25.

Kichefuchefu kilikuja, kidogo. Nilichojifunza ni kula kiasi cha kisahani cha chai, kuacha vya kukaanga siku mbili baada ya sindano, na kuacha kula pale habari ya shibe inapofika hata kama sahani ina kitu. Hilo la mwisho kwa mwanamke wa Pwani ni gumu kuliko sindano, tumelelewa kwamba chakula hakibakizwi. Choo kilikuwa kigumu, nikanywa maji na kula mapapai. Na daktari alinionya kitu ambacho wifi hakujua: ukipungua kwa kasi bila kula samaki, mayai, maharage na bila kutumia mwili, unapoteza nyama pamoja na mafuta. Mimi ndoo za maji zilinisaidia.

Miezi tisa. Kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilitoka 9.4 kikafika 7.1. Kilo zikawa 82. Watoto ndio waliokuwa wakichangia kalamu, kila mmoja mwezi wake, mpaka mmoja akapoteza kazi na hesabu ikakataa. Nikaacha.

Njaa ilirudi wiki ya tatu. Ilirudi na sauti yake ileile, saa nne usiku, ikitaka ukoko. Nililia kidogo, sitaki kudanganya, lakini safari hii sikujiita mlafi. Nilijua ni nani aliyeondoka na ni nani amebaki akipiga kelele. Dawa inafanya kazi ikiwa mwilini, ikitoka kazi yake inatoka nayo. Asiyekwambia hivyo wakati anakuuzia anakuficha.

Hapo ndipo nilipoanza kumtafuta huyu kijana wangu wa asili, yule wa dakika mbili. Hafikii nguvu ya sindano hata kidogo, nisimpe mtu tumaini la uongo. Lakini yupo, na anaitika kwa namna fulani za kula.

Iliyonisaidia kuliko zote ni kupanga upya sahani. Mwaka 2015 huko New York watafiti walichukua watu 11 wenye kisukari aina ya pili, wote wanatumia metformini, wakawapa chakula kilekile kwa siku mbili tofauti. Siku moja wanga ulitangulia, siku nyingine mboga na nyama zikatangulia na wanga ukaja mwisho. Saa moja baadaye sukari ya waliochelewesha wanga ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Nikajaribu kwangu na kipimo cha kidole. Wali, samaki wa kupaka na mchicha, vikichanganywa kama tunavyokula: 13.6 baada ya saa mbili. Kesho yake vilevile, ila mchicha wote na samaki kwanza, nikakaa dakika kumi nikipiga soga, ndipo wali, na wali wenyewe nikaona siumalizi: 10.1. Nimerudia mara nyingi. Namba hazilingani kila siku, lakini upande zinakoelekea ni uleule. Nyumbani wanangu wanacheka, wanasema mama anakula kwa zamu.

Pili ni mwendo. Wagiriki walifanya jaribio mwaka 2010, wakawapa wanaume aiskrimu ileile, mara moja wamalize kwa dakika 5, mara nyingine wavute hadi dakika 30. Waliovuta walitoa GLP-1 na PYY nyingi zaidi. Mpishi hula kwa dakika tatu, amechuchumaa, jicho kwenye moto. Nilikuwa nashiba baada ya kumaliza sahani ya pili, kwa sababu habari ilikuwa bado njiani.

Tatu, na hili ndilo lililonichoma, ni usingizi. Mikesha ya harusi usingizi wangu ni wa muda wa saa tatu au nne tu. Kumbe Chicago mwaka 2004 waliwalaza vijana 12 wenye afya zao kwa muda wa saa nne tu, usiku mbili. Leptini ikashuka asilimia 18, grelini ikapanda asilimia 28, na vijana wakaanza kutamani vitamu na wanga. Usiku mbili! Nami nilifanya hivyo kila wikiendi kwa miaka ishirini, halafu Jumatatu najishangaa kwa nini namaliza maandazi. Sasa kazi ya usiku nimempa binti yangu. Ninakuja alfajiri kuweka masala.

Kuna jambo la grelini ambalo limenipa amani. Anakuja kwa mawimbi, kwa saa ulizomzoesha. Kama kwenu chakula ni saa saba, saa saba atabisha, usipomfungulia baada ya muda anaondoka mwenyewe. Waliofunga Ramadhani wanajua, njaa ya saa saba haiongezeki mpaka magharibi, inakuja na kupita. Lakini hapa ndugu zangu muwe macho. Njaa inayokuja na mikono kutetemeka, jasho baridi, moyo kwenda mbio na hasira zisizo na sababu, hiyo usiisubiri ipite. Hiyo ni sukari imeshuka. Pima, na kama huna kipimo, kunywa sukari kwanza uulize baadaye. Na wewe wa glibenklamaidi au insulini usiruke mlo wala kufunga bila kupangiwa upya dawa zako.

Kwa wa aina ya kwanza nina neno moja: kalamu hizi hazichukui nafasi ya insulini yako. Mtu asikudanganye ukaiacha.

Kuhusu kununua mitandaoni, Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutaidi bandia zilizokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani mwaka uliotangulia. Kama zimepenya huko, mimi na wewe tunaonunua kwa picha ya WhatsApp tujiulize. Na hata iliyo halali ina masharti ya baridi. Isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Inayotumika inavumilia nje wiki kadhaa kama karatasi ya ndani inavyoeleza, mradi joto lisizidi nyuzi 30, na Tanga ya Februari inazidi hizo kabla ya adhuhuri. Ikiganda ni ya kutupa, kwa hiyo usiiegemeze kwenye kisanduku cha barafu. Kalamu iliyosafiri siku mbili kwenye buti la basi, mimi hata bure siichukui.

Septemba 2025 Shirika hilohilo liliziingiza dawa hizi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa watu wa kisukari aina ya pili ambao tayari wana ugonjwa wa moyo au wa figo pamoja na unene. Nimeikata habari ile nikaiweka ndani ya daftari la kliniki. Kipimo changu cha mwisho cha mkojo kilionyesha protini, ambayo yaweza kuwa dalili ya figo kuguswa, kwa hiyo Alhamisi ijayo nina la kuuliza.

Wifi naye alipiga simu juzi. Anakuja mwezi ujao, anauliza alete ngapi. Nimemwambia asilete hata moja kabla sijaonana na daktari, na akibebe kikasha chake mwenyewe kwenye chupa ya chai yenye barafu iliyofungwa kitambaa, isigusane na kalamu. Amenuna. Jumamosi nina hitima ya watu 150, biriani. Mchicha wangu na mayai mawili nitakula kabla ya kuwasha moto, chumvi ataonja binti.